Hatua Saba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mzigo huu nimempa kondakta wa basi la alfajiri. Ukiupata nijulishe, maana mzigo wa shangazi yako juzi ulilala stendi siku mbili.

Mdogo wako amenionyesha ile video ya mechi uliyochezesha, wachezaji walivyokuzunguka kubisha penalti. Nimeitazama mara nne. Penalti ilikuwa penalti. Beki alishapitwa, akamkwatua mwenzake kwa nyuma. Kwenye filimbi yako sina neno. Neno langu liko kwenye miguu: ulirudi nyuma hatua saba, nimezihesabu, tena unatabasamu.

Usirudi nyuma, mama. Mchezaji akiona refa anarudi, yeye anaongeza hatua, na yule aliyekuja kusikiliza tu naye anaota pembe. Yule wa kwanza aliyekurushia mikono ndiye wa kupewa njano, pale pale, hawajafika watano. Sheria ya 12 unaijua kunishinda: kupinga uamuzi kwa mdomo au kwa kitendo ni njano, akitukana ni nyekundu. Wewe ukawangoja wote wamalize, ukamwandika wa mwisho, ambaye hata hakuwa na kelele. Uliona alivyocheka?

Siku hizi mmerahisishiwa. Kwenye Euro ya 2024 kule Ujerumani, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumsogelea refa kuuliza. Nahodha akiwa kipa, timu inamtaja mchezaji mwingine wa kusema, kwani kipa atakimbia uwanja mzima kuja kuuliza faulo? Nawe huko kusini, kabla ya kurusha sarafu, waambie manahodha unataka uso mmoja tu mbele yako. Wakikuita "sista", wewe taja namba ya jezi.

Wakubwa nao yaliwakuta. Mwaka 1966 pale Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa Antonio Rattín, nahodha wa Argentina, kwa ubishi. Akagoma kutoka, dakika zinakwenda, na lugha hawaelewani. Kisa kile ndicho kilichomfanya Mwingereza Ken Aston abuni kadi, zikaanza kutumika Kombe la Dunia la Mexico 1970. Wewe kadi unazo mfukoni, na Kiswahili mnaelewana.

Utauliza baba haya ya kurudi nyuma kayajulia wapi, wakati filimbi hajawahi kuishika. Kuna refa alikuja uwanjani kwetu, wewe hujazaliwa, kijana mwembamba, kaptula inampwaya. Alikataa goli letu. Akasogelewa kwa kifua, akarudi. Akasogelewa tena, akarudi, mpaka mgongo wake ukagusa kibendera cha kona. Pale watu wakaingia uwanjani na mechi haikuisha. Aliondoka na kiatu kimoja. Goli lenyewe lilikuwa la kuotea, hilo tulilijua sote. Siku hiyo nahodha alikuwa nani, muulize mama yako. Mimi nikiiangalia ile video simwoni yule beki, namwona kijana yule.

Kwa hiyo usirudi nyuma. Wakikuzunguka, toka pembeni, tembea, usikimbie, mwite mmoja aje ulipo wewe. Na usitabasamu. Nyumbani tabasamu lako ni zuri, pale linasomeka woga.

Nilisema kazi hii si ya mtoto wa kike, na sikuja kwenye mechi yako ya kwanza. Nilikuwa na shughuli ya mabati. Kumbe mabati yenyewe hata hayakuletwa siku ile. Sasa kijiweni wananiita "baba refa", nami naitika.

Nyumbani tunaendelea. Presha ya mama yako imeshuka, ila chumvi anaila kwa siri, mpigie umgombeze, mimi hanisikii. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu; iliyobaki usiihangaikie, posho yenu yenyewe huja kwa kuchelewa. Jiko bado linavuja upande wa karai.

Humu ndani kuna dagaa, mchele kilo tano, na zile soksi ndefu nyeusi ulizozisahau kwenye kamba. Moja ilikuwa na tundu kidoleni. Nimeishona mwenyewe, uzi mweusi uliniishia, nikamalizia na wa bluu. Ndani ya kiatu hauonekani.

Baba yako