Harambee ya Mashine za Presha na Vijiti vya Sukari kwa Vijana Wetu

Ndugu wapendwa, wazazi na walezi wetu, salamu katika jina la Bwana.

Tumesita sana kabla ya kuwaandikia. Hamjapumzika tangu mlipotuchangia paa, mkachanga tena viti, na tunajua wapo wanaosema Kamati ya Afya haina kazi ila kunyoosha mkono. Semeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Jumapili ya upimaji tuliwarudisha vijana nyumbani bila kuwapima. Vijiti vya kupimia sukari kwenye damu viliisha foleni ikiwa bado ndefu. Mashine ya presha tuliyo nayo ni moja, na mkanda wake wa mkononi umechanika. Tumeuzungushia utepe wa gundi, ukijazwa upepo unavuja. Hata ungekuwa mzima, ni mdogo. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko presha yenyewe, kwa hiyo wenye miili mikubwa, ambao ndio tunaowahofia zaidi, ndio tusioweza kuwapa jibu la kuaminika. Kijana mmoja wa kwaya aliondoka akicheka kwamba mashine imemkataa. Muuguzi wetu hakucheka.

Mzee mmoja alituuliza, kwa heshima zote, vijana na ugonjwa wa moyo wapi na wapi? Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa miili ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikutwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa inayolisha moyo damu, baadhi yao wakiwa na mishipa iliyokwisha kuwa myembamba. Hao ni watu waliokuwa wakibeba silaha na kupanda milima. Mafuta huanza kujenga ukuta ndani ya mshipa miaka mingi kabla kifua hakijauma, na sigara, presha na sukari huuharakisha.

Madaktari huangalia mambo matano kwa pamoja: kiuno kilichopanuka, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 (milimoli kwa lita), mafuta ya trigliseridi yaliyozidi kwenye damu, na lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) iliyopungua. Mwenye matatu kati ya hayo yuko karibu zaidi na kisukari, kiharusi na mshtuko wa moyo kuliko wenzake. Na kwa kawaida hakuna hata moja linalomuuma. Kijana wa miaka 27 analala vizuri, anacheza mpira, anaimba. Atajuaje bila kupimwa?

Tunaomba mashine mbili za presha zenye mikanda ya saizi tatu, vijiti vya sukari, na kifaa cha kupimia mafuta kwenye damu. Vijiti huharibika muda wake ukipita, ndiyo maana tunapendelea ahadi ndogo ya kila mwezi kuliko mchango mkubwa wa mara moja. Futi ya kiuno tunayo, fundi cherehani wetu ametuachia yake. Hatutatibu mtu. Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa. Atakayeonekana amezidi atapimwa tena siku nyingine, kisha ataandikiwa barua ya kwenda hospitali.

Sasa turuhusuni neno moja gumu. Msiba ukitufika, michango hutimia kabla ya jua kuzama, na hakuna anayedai risiti. Kijana akiwa hai na anatembea, tunaambiwa subirini mwezi ujao. Tunawaheshimu, ila hilo linatutia aibu sote, kamati ikiwemo.

Fedha zote zitapokelewa na mweka hazina mbele ya mashahidi wawili, risiti zitabandikwa ubaoni, na hesabu itasomwa baada ya ibada. Matokeo ya mtu hayatasomwa wala kubandikwa popote, hilo mtuamini.

Ahadi zifike kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wauguzi na matabibu mliomo humu, tunawaomba Jumapili moja tu kila mmoja. Nanyi vijana, msiwaachie wazazi wachange peke yao: kikundi cha kwaya kimeshatoa, wachezaji wa mpira bado tunawasubiri.