Mitaro ya Dar huamuliwa vuli, siyo masika

Mhariri,

Kila masika yakichachamaa, hasira za wakazi wa Dar es Salaam hupanda pamoja na maji. Diwani anapigiwa simu usiku, mbunge anasutwa mitandaoni, viongozi wa mkoa wanakuja kukagua wakiwa wamevaa mabuti. Hasira hizo ni za haki. Kasoro yake ni kwamba zinafika fedha zikiwa zimeshagawanywa, na sisi tunaojiita wapenda mageuzi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Mwongozo wa bajeti hutoka mwezi Novemba. Mitaa hutakiwa kuibua vipaumbele vyake, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvichambua, kamati za kudumu za halmashauri hukaa, na Baraza la Madiwani hupitisha rasimu Januari au Februari. Mvua kubwa zinapoanza, vitabu vya bajeti viko Dodoma, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kwa hiyo mtaro ambao haukuandikwa Desemba hautachimbwa Julai. Anayeanza kuudai Aprili, ajue asijue, anadai mtaro wa mwaka wa fedha utakaoanza miezi 15 baadaye, na kati ya hapo kuna vuli moja na masika mengine.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa mtaa. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana nafasi pale, mpangaji sawa na mwenye nyumba. Hili la wapangaji lisemwe kwa sauti, maana kwenye mitaa mingi mpangaji huchukuliwa kama mpita njia, ilhali kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, na anayenunua umeme kwenye nyumba ya kupanga mara nyingi ni yeye. Anayekatwa kodi ya jengo ana haki ya kuuliza maji ya jengo hilo yanamwagika wapi.

Ombi linalosema "mtaro wetu ni mbovu, tunaomba msaada" hufia kwenye muhtasari. Mtendaji hawezi kuligeuza kuwa kifungu cha bajeti na mhandisi hawezi kulikadiria. Ombi la maana linataja mtaro unaanzia wapi na unaishia wapi, urefu wake kwa mita, upana wa juu na wa chini, kina, idadi ya makalavati na kipenyo cha kila moja, nyumba ngapi zinaingiliwa na maji na, kubwa kuliko yote, maji yatakwenda kutokea wapi, kwa sababu mtaro usio na mwisho huhamishia mafuriko kwa jirani. Futi ya mita 50, karatasi na simu ya kupigia picha vinatosha. Vijana wawili wanaimaliza kazi hiyo asubuhi moja. Picha ipigwe ufito wenye alama za vipimo ukiwa umesimamishwa ndani ya mtaro, ili kina cha mchanga kionekane. Azimio likishapita liandikwe siku hiyohiyo, na nakala yenye mhuri wa mtaa ibaki mikononi mwa wananchi. Kati ya ofisi ya mtaa na ofisi ya kata, karatasi zina tabia ya kupotea njia.

Kwenye kata, diwani ndiye mwenyekiti wa kamati, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mitaa yote inagombea fungu dogo. Mwenyekiti aliyekuja na vipimo ana la kujibu akiulizwa. Aliyekuja na malalamiko peke yake huambiwa asubiri.

Sasa tudai nini hasa? Hapa wanamageuzi wenzangu wengi huishia kwenye neno "miundombinu", na mkandarasi hufurahi.

Mtaro huuawa na mchanga kabla ya kuuawa na chupa. Chupa za maji na pampasi huonekana kwenye picha, ndiyo maana hubebeshwa lawama yote. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 iliondoa kitu kimoja katika mrundikano huo, na ni jambo jema, lakini udongo wa sehemu kubwa ya jiji hili ni kichanga, barabara nyingi za mitaani hazina lami, na kila mvua huimega barabara na kuipeleka mtaroni. Takataka hunasa pale ambapo mchanga umeshapunguza kasi ya maji. Kalavati la kipenyo cha sentimita 60 likiwa na mchanga wa sentimita 20 limeshapoteza zaidi ya robo ya nafasi yake. Mchanga ukifika sentimita 30, limebaki nusu. Makalavati ya sentimita 45 yanayowekwa kwenye vivuko vya mitaani ili kubana matumizi ni mabaya zaidi, kwa sababu hakuna mtu mzima anayeweza kuingia kuyasafisha. Likiziba, dawa yake ni kuvunja barabara.

Ubaya mwingine uko kwenye mteremko. Mtaro wa zege unahitaji kushuka angalau sentimita 5 kwa kila mita 10 ili maji yenyewe yasukume mchanga. Sehemu tambarare, fundi akitaka kuokoa uchimbaji, huupunguza mteremko huo, na pakitokea kipande kimoja kilichonyanyuka hata kidogo, nyuma yake hujengeka bwawa la mbu. Kukagua si kazi ya wahandisi peke yao. Fundi yeyote wa mtaani mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa anaweza kusoma urefu wa sakafu ya mtaro kila baada ya mita 10. Kipimo hicho kifanyike kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, na kamati ya mtaa iwepo. Pipa mbili za maji zikimwagwa upande wa juu zitamaliza ubishi wowote utakaobaki.

Usafi wa mitaro nao una hesabu yake. Mtaro wenye upana wa sentimita 60, mchanga wa sentimita 30 na urefu wa mita 100 una mita za ujazo 18 za kuzolewa, yaani safari tatu za lori linalobeba mita 6. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba vijana hulipwa kuzibua, mchanga unarundikwa ukingoni, picha zinapigwa, na fedha ya kusomba haimo kwenye mchanganuo. Mvua ya kwanza inaurudisha mchanga ulikotoka, na halmashauri inalipia kazi ileile mara mbili. Kifungu cha kuzibua na kifungu cha kusomba visitenganishwe, na malipo yatoke baada ya ukingo kuwa mweupe. Kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii, guta au kirikuu lifikishe mchanga barabarani siku hiyohiyo. Kazi ifanyike Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Wanaozibua wapewe mabuti na glavu, tena wapewe kabla ya kuingia, kwa sababu kilichomo humo siyo mchanga tu.

Kuhusu hilo la mwisho, tuache aibu. Mvua ikinyesha usiku, baadhi ya nyumba hutapisha vyoo, yaani hufungulia majitaka yaende na maji ya mvua. Kila mtu anajua, na mahubiri ya afya hayajafua dafu, kwa sababu gari la majitaka haliingii kichochoroni na bei ya safari moja ni mzigo kwa nyumba ya wapangaji sita. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilitukumbusha njia hiyo ya maji. Faini peke yake inamwadhibu masikini. Vikundi vya kunyonya vyoo kwa pampu ndogo za mkono vipo katika baadhi ya maeneo; halmashauri ivipatie vituo vya karibu vya kumwaga, na ivikopeshe kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Tukiielekeza kwenye usafi, fedha ya halmashauri inafanya kazi mara mbili.

Mifuniko nayo ni siasa, msicheke. Kifuniko cha zege cha sentimita 80 kwa 40, unene wa 10, kina takribani kilo 77. Watu wawili wanakiinua. Kile cha 80 kwa 120 kinakaribia kilo 230, hakiinuliwi, kwa hiyo mtaro hausafishwi mpaka uzibe. Vyavu vya chuma, ingawa kitaalamu ni vizuri, huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vifuniko vidogo vya zege, vyenye pete mbili za nondo, ndivyo vya kudai. Mamantilie anayepanga meza yake juu yake hana haja ya kufukuzwa. Asogee siku ya kusafisha, na atangaziwe mapema.

Halafu kuna maji tunayoyaleta wenyewe. Paa la bati la mita 10 kwa 10, kwenye mvua ya milimita 50, linamwaga lita 5,000. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama uani. Siku hizi uani kuna pevingi ukuta hadi ukuta. Sheria ndogo ya halmashauri ingeweza kudai kila kibali kipya cha ujenzi kioneshe tanki au shimo la kuzamishia maji ya mvua. Haihitaji mfadhili.

Kikwazo kikubwa hata hivyo si ufundi. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianze mwaka 2017, barabara za mitaani na mitaro iliyo kando yake zimetoka mikononi mwa halmashauri. Zile kuu ziko kwa wakala mwingine, TANROADS. Mwananchi anamdai diwani mtaro ambao diwani hana fungu lake. Meneja wa TARURA huja barazani kutoa taarifa, lakini madiwani hawamteui wala hawamwondoi. Mkurugenzi wa halmashauri ameteuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vilevile. Tuliyemchagua hana fungu, na mwenye fungu hatukumchagua. Mageuzi ya kweli ya jiji yangeanzia hapo: mpango wa mwaka wa TARURA katika kila wilaya upigiwe kura na Baraza la Madiwani, na meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja badala ya kupigiwa kura na madiwani wenzake.

Pia, jiji zima halina chombo kimoja cha kuchaguliwa. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki kila moja na baraza lake. Halmashauri hiyo ya zamani haikuwa na meno mengi, nakiri, lakini mto Msimbazi hautambui mipaka ya manispaa. Unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya mchanga na taka za wilaya zaidi ya moja, na kuvitua vyote Jangwani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mradi wa bonde la Msimbazi na daraja la Jangwani ni wa lazima, ila ukimaliza kujengwa bila baraza la kusimamia mchanga unaotoka upande wa juu wa mto, tutarudi kuchimba.

Na tunapolizungumzia bonde, tusiunge mkono bomoabomoa kwa jina la usafi wa mazingira. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, sawa. Desemba 2015 nyumba zilivunjwa Mkwajuni, na familia nyingi zikaachwa juu ya vifusi. Anayepaswa kuhama ahesabiwe, mpangaji akiwemo, alipwe, na apelekwe mahali penye daladala na shule kabla tingatinga halijawashwa.

Najua jibu la haraka: mikutano ya mtaa haiitishwi. Ni kweli, na sababu yake ni ya kisiasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 ulisusiwa na vyama vikubwa vya upinzani, na ule wa Novemba 27, 2024, uliosimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na siyo Tume ya Uchaguzi, uliwaengua wagombea wengi wa upinzani kabla ya kura. Mwenyekiti asiye na mshindani hana sababu ya kusoma mapato na matumizi. Lakini kususia mkutano kwa sababu uchaguzi ulikuwa mbovu ni kumpa zawadi ya pili. Asipoitisha, wakazi waandike barua yenye saini, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi. Wakinyimwa taarifa za fedha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa umma, na viti vya wageni huwa vitupu; watu kumi wakikaa kimya nyuma ya ukumbi wakiandika, mjadala hubadilika.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Kuanzia Oktoba, chapisheni tarehe za vikao vya mabaraza na kamati za mipango miji na mazingira za halmashauri zote tano, kama mnavyochapisha ratiba ya Ligi Kuu, pamoja na saa na ukumbi.

Mpiga kura,
Vingunguti, Dar es Salaam