Salamu za shukrani: arobaini ya mama yetu, Namba Sita wa Mburahati

Ndugu zetu, majirani, marafiki, Assalaam alaykum na poleni na majukumu. Arobaini ya mama yetu tumeisoma Jumapili iliyopita hapa nyumbani Mburahati, hitma imeisha vizuri, watu wamekula wameshiba, maturubai yamesharudi kwa mwenyewe, na ndo sasa tumepata utulivu wa kukaa na kuandika hizi salamu. Sisi watoto wake, wajomba zetu, mama wadogo na ukoo wote tunasema asanteni sana, tena sana. Kumtaja kila mtu hatutaweza jamani, watu walikuwa wengi mno, ila kuna ambao tukiwaruka mama mwenyewe asingetuelewa.

Tuanze na madaktari na manesi waliokaa na mama kipindi chote cha ugonjwa. Manesi wa zamu ya usiku walikuwa wanamwita kocha, maana hata akiwa na dripu mkononi alikuwa anawauliza mabinti zao wanacheza mchezo gani, na kama hawachezi kwa nini. Mungu awalipe kwa upole wenu. Mjumbe wetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, chama cha kuzikana, imamu na maustadhi wa madrasa, asanteni. Vijana wa kijiwe cha bodaboda mlibeba wageni kutoka stendi bila kudai hata mia, na usiku mkakesha nje na sisi. Akina mama mliopika, na moshi wote ule machoni, mmetufaa mno.

Sasa tuje kwa wenzake wa uwanjani. Siku ya msiba wakaanza kuingia wamama watu wazima, wengine bibi kabisa wana wajukuu, wamevaa khanga sare, kutoka Temeke, Kigogo, Tandika, wawili wametoka Tanga na basi la usiku, na wote wanaulizia msiba wa Namba Sita ni hapa? Vijana wa mlangoni hawakuelewa, maana hapa mtaani mama alijulikana kama mama wa samaki au kocha, hilo la Namba Sita ni jina la kabla sisi hatujazaliwa, jina la kiungo mkabaji aliyekuwa hapitiki. Jeneza lilipotoka na wanaume wakalipokea kwenda msikitini, wale wamama walijipanga pande zote mbili za uchochoro, toka mlangoni mpaka barabarani, kama timu zinavyojipanga kabla ya mechi, na hakuna aliyewaambia wafanye hivo.

Kesho yake jioni wakaketi uani kwenye jamvi kumenya vitunguu na wakaanza kutaja kikosi chao, namba moja mpaka kumi na moja, wakifika kwa aliyetangulia wanasema Allah amrehemu halafu wanaenda namba inayofuata. Wakafika kwenye bao moja la mama pale uwanja wa Karume wakabishana mpaka visu vikawekwa chini. Mmoja anasema alipiga shuti la kushoto nje ya boksi, mwingine anasema kushoto gani wewe, ule mguu ulikuwa wa kupandia daladala tu, alifunga kwa kichwa na kona niliipiga mimi. Tulicheka jamani, msibani tulicheka, na mdogo wetu wa mwisho alirekodi kwenye simu. Mama zetu, mmetupa kitu ambacho mama hakuwahi kutusimulia chote, asanteni.

Kwa vijana mnaosoma hapa ngoja tuwape picha kidogo. Mama alizaliwa 1976 na alianza kucheza miaka ya 90 mwanzoni, ligi ya wanawake hakuna, posho hakuna, jezi wanaazima kwa kaka zao na kuzirudisha zimefuliwa, uwanjani wanaenda kwa miguu. Mwaka 1991 Nigeria ndo walikuwa timu pekee ya Afrika kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanawake kule China, wakapoteza mechi zote tatu bila kufunga hata bao moja. Mama alikuwa binti wa shule, na alikuwa anatuambia kwamba habari ile ndo ilimfanya ajue kumbe kuna Kombe la Dunia la wanawake na Mwafrika anaweza kwenda, hayo mengine ya kufungwa wala hakuyajali.

Njumu zake za kwanza zilikuwa za kiume, kubwa, anajaza matambara mbele kwenye vidole. Babu, Mungu amrehemu, hakutaka kabisa kusikia binti yake anakimbia na bukta mbele za watu, kwa hiyo njumu zilikuwa zinalala kwa jirani, kwenye debe la unga la bibi wa vitumbua, na siku ya mazoezi mama anaondoka na ndoo kama anayeenda kuteka maji. Bibi wa vitumbua yupo, ni mtu mzima sana sasa na macho yamepungua nguvu, siku ya msiba aliletwa na wajukuu zake akakaa karibu na mlango akawa anamwelekeza kila anayeingia pa kuweka viatu. Shikamoo bibi. Bila lile debe lako hatujui ingekuwaje.

Na mwalimu. Babu alipokuja kugundua ilikuwa kesi kubwa, mama alifungiwa ndani, mpira ukaisha. Mwalimu wake akaja nyumbani, akakaa na babu barazani, akamwambia mzee nikabidhi mtoto, nitamrudisha kabla ya magharibi, asiporudi nidai mimi. Na kweli akawa anamrudisha, anatoka uwanjani na kundi zima la mabinti kwa miguu, anapita nyumba hadi nyumba, kila mmoja mpaka mlangoni kwao, anapiga hodi anaonana na mzazi ndo anaondoka. Watu wengine wanaweza kuiona hiyo ni ndogo ila sisi tunaona ndo ilikuwa kazi yenyewe, maana mzazi wa wakati ule hakuwa anauogopa mpira, alikuwa anaogopa njia ya kurudi na maneno ya watu. Mpira wa wanawake hapa kwetu ulisimama kwa watu kama hawa waliokubali kudaiwa mtoto wa mwenzao, wafadhili wamekuja baadaye sana. Mwalimu, umestaafu, mguu unakusumbua, na bado ulipanda basi kutoka Morogoro ukawahi kumzika mwanafunzi wako. Shikamoo baba, tumekosa neno.

Tuweke sawa jambo moja. Kwenye grupu la WhatsApp kuna ndugu aliandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mama alichezea Twiga Stars. Hapana, hakuwahi kuvaa jezi ya Taifa, na hakupenda kusifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya. Goti liliharibika, halafu akazaliwa mimi, mpira wa ushindani ukaishia hapo. Alichofanya ni kurudi uwanjani kama kocha. Alfajiri yuko Feri ananunua samaki, mchana anakaanga, saa kumi jioni yuko kwenye vumbi na filimbi shingoni anapigia kelele watoto wa watu, na magharibi anawarudisha makwao mmoja mmoja, vilevile kama alivyokuwa anarudishwa yeye. Wazazi mliomwamini na mabinti zenu miaka yote hiyo, asanteni sana.

Twiga Stars aliipenda lakini, aisee. Mwaka 2010 timu ya kocha Mkwasa, kepteni Sophia Mwasikili, ilivyowatoa Ethiopia na Eritrea ikaenda fainali za Afrika kule Afrika Kusini, nyumba nzima hatukulala. Walifungwa zote tatu, 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria, mtaani watu wakaanza maneno, mama akawa anawajibu hao Mali mabao mawili tuliyowafunga nyie hamkuyaona? Mashindano yaleyale Perpetua Nkwocha wa Nigeria alifunga mabao 11 akiwa na miaka 34, na kwa kuwa walizaliwa mwaka mmoja mama alikuwa anamwita pacha wangu. Pacha amefunga tena, anakuja kutuambia jikoni. Wakati huo yeye mwenyewe anaambiwa na watu mama unazeeka achana na mipira, na Nkwocha mwaka uleule anachukuliwa mchezaji bora wa Afrika kwa mara ya tatu, na mwaka uliofuata ya nne. Tunadhani hiyo ilimpa nguvu kuliko dawa yoyote ya goti.

Baadaye ligi ikaja, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza mwaka 2017, mama akafurahi ila akasema wamechelewa. Siku Serengeti Girls walipowafunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana kule India, Oktoba 2022, samaki waliungua karai zima na hakujali, na walivyofika robo fainali ndo kabisa. Mwaka 2023 alienda Chamazi mechi ya Togo, ile 3-0 iliyotubeba mpaka fainali za Afrika, akarudi hana sauti.

Fainali zenyewe zikachezwa Morocco Julai 2025 na yeye tayari yuko kitandani. Mechi ya Afrika Kusini tulimwinua kwa mito tukamwekea TV karibu. Opah Clement alipofunga penalti kipindi cha kwanza hakuweza kupiga kelele, alipiga godoro kwa kiganja, pu pu pu, mpaka dripu tukaishikilia. Wakasawazisha kipindi cha pili ikaisha 1-1, sisi tumenuna, yeye akasema pointi hiyo, 2010 hatukuwa nayo, pointi ya kwanza hiyo. Kesho yake kila aliyekuja kumjulia hali alianza kusimuliwa hiyo pointi kabla hata hajaulizwa unaendeleaje. Tulimzika akiwa ameiona, alhamdulillah.

Kuhusu michango, ya M-Pesa na ya mkononi, daftari liko kwa mjomba mkubwa na anayetaka kuliona anakaribishwa. Gharama za matibabu na mazishi zote zimelipwa. Kilichobaki, kikao cha familia kimekubaliana sehemu iwe sadaka kwa niaba yake na sehemu inunue mipira na njumu za mabinti wake, za saizi zao. Kama kuna mtu anamdai marehemu, awe wa Feri au popote, afike kwa mjomba bila aibu, na kama mama alimkosea mtu tunaomba mumsamehe.

Mazoezi ya mabinti hayajasimama. Ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa kumi jioni uwanja uleule, dada aliyekuwa msaidizi wa mama ndo anasimamia, na kurudishwa nyumbani kabla ya magharibi kupo palepale, kwa hiyo wazazi msiwazuie watoto.

Halafu masufuria mawili makubwa na jamvi la buluu bado viko kwetu havijapata mwenyewe. Masufuria yana alama ya rangi nyekundu pembeni. Mwenye navyo afike wakati wowote, tupo.

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Kwa niaba ya familia,
mtoto wake wa kwanza, Mburahati, Dar es Salaam