Hemedi, shoka hilo liache

Sheikh Hemedi,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutoa roho hapa London. Bi Zuhura nimempa salamu zako. Anasema salamu hazitafuniki, yeye anangoja halua.

Picha ya shoka unalotaka kununua nimeiona. Tafadhali usitoe hata riali moja! Muuzaji anasema ni la Luristan, na kweli mashoka ya kule yapo ambayo bapa linatokea kinywani mwa simba. Lakini limefukuliwa kaburi gani? Na nani?

Maana Luristan, kule milima ya Zagros magharibi mwa Iran, ina mkasa wake. Vitu vyao vya bronzi, vya kama mwaka 1000 hadi 650 KK, vilianza kujaa madukani mwishoni mwa miaka ya 1920. Wanakijiji walifukua makaburi, madalali wakanunua. Mpaka mwanaakiolojia Erich Schmidt anakuja kuchimba kwa utaratibu Surkh Dum, hukohuko Luristan, mwaka 1938, vingi vimeshafika Ulaya na Marekani. Soko likipamba moto, waghushi nao hao! Marehemu Oscar White Muscarella wa Metropolitan Museum, New York, aligombana na wenzake miaka na miaka kwa ajili ya vitu visivyojulikana vilikotoka.

Na kazi halisi ya mafundi wa Luristan, Hemedi, wewe mtoto wa sonara ungeishiwa maneno. Kuna panga za chuma, vipande vimefuliwa mbalimbali kisha vikaunganishwa, vichwa vya watu wenye ndevu kwenye mpini, na bapa limekaa kukingamana na mpini wenyewe. Utapiganaje nalo? Mimi naona lilikuwa la kujionyesha tu. Haya, tuyaache.

Lile shoka lako kijani chake cha kutu kimeenea sawasawa mno, kama mlango uliopakwa rangi jana. Na likiwa la kweli ndiyo balaa zaidi: Iran ina sheria ya mambo ya kale tangu 1930, utajikuta na mali ya wizi sebuleni.

Umeshatoa arubuni? Mzee wako amelishika mkononi, au umemficha? Karatasi zake je, za mwaka gani? Halafu niambie ukweli: ni Salim tena aliyekupeleka kwa mtu huyo?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Athumani