Barua kwa vijana wakulima wa viazi wa Isyonje, kuhusu lumbesa

Wanangu,

Fuso limesimama kando ya barabara, viazi vimeshachimbwa, mvua inanukia, na mnunuzi anasema hapakii bila lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo kwa bei ile ile ya gunia moja. Nyumbani kuna ada ya mtoto. Tukatae au tukubali?

Sheria mnaijua: gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ila jioni ile sheria hailipi ada, na ndiyo maana maandalizi ya kukataa yanaanza shambani, wiki kadhaa kabla. Mwenye kiazi kinachoweza kusubiri ndiye mwenye ubavu wa kusema hapana. Fyekeni mashina siku 14 kabla ya kuchimba. Kisha fukueni kimoja mkisugue kwa kidole gumba. Ngozi ikichubuka, bado hakijakomaa. Chenye jeraha la jembe kitengeni, kwa sababu kimoja kikioza kinaozesha lundo. Kilicho kikavu na kizima kitakaa wiki kadhaa kwenye ghala lenye giza na hewa, kwa baridi yetu hii ya milima ya Uporoto. Msikianike juani: kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na kina sumu.

Halafu kikundi kinunue mizani ya kuning'iniza. Tuseme gunia ni shilingi 70,000. Kwa kilo 100, kilo moja ni 700. Likishonewa kilemba, ile nyongeza ya juu ya mdomo wa gunia, likafika kilo 130, mmeuza kilo kwa 538 hivi, na katika magunia kumi mmetoa kilo 300 bure.

Ukibanwa kweli, legeza bei, usilegeze kipimo. Kubali hata 600 kwa kilo, mradi kila kilo ihesabiwe: zile 130 zinakuwa 78,000. Bei uliyoipunguza leo ni shida yako ya leo. Kilemba ulichokubali, kesho jirani yako ataambiwa, "Mbona mwenzako ametoa?" Tena uza magunia ya shida yako tu. Ada ikiwa 150,000, magunia matatu ya kilo 100 kwa bei hiyo yanatosha na chenji inabaki. Mengine yarudi ghalani.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Wapo kati yenu wanaoweka vidogo na vilivyooza katikati ya gunia, vikubwa wakavipanga mdomoni. Mnunuzi aliyepunjwa hivyo safari moja, safari ijayo anadai kilemba cha kufidia, na anamdai hata asiye na kosa. Chambueni mbele yake, mmwage gunia moja alichague yeye mwenyewe.

Na mama atakayekubali lumbesa kwa kuwa mgonjwa yuko wodini, msimtoe kikundini. Muulizeni alihitaji kiasi gani, na kwa nini hakuwaambia. Anzisheni mfuko sasa, kabla ya mavuno: kila mwenye shamba aahidi gunia moja la kilo 100, liuzwe kwa mizani, fedha zikae kwa watu watatu wenye funguo tofauti, ili siku ya dharura mtu akopeshwe jioni hiyo hiyo, kabla Fuso halijafika.

Mzee wenu