Kuku Ameshiba, Yai Hakuna: Makombo, Parachichi na Usipa wa Kyela

Mwishoni mwa mwezi wa sita mama mmoja wa Ilemi, hapa Mbeya, aliingia kwenye duka letu la chakula cha mifugo na mfuko wa chakula cha kuku wa mayai uliobaki nusu. Akautua juu ya kaunta, kiti akakikataa. "Mwanangu, sikuja kugombana. Nirudishieni hela yangu tu. Chakula chenu hakina kitu. Matetea ishirini na tano, jana nimeokota mayai tisa."

Tukamwamkia, tukamsihi mpaka akakaa. Mfuko tukaukagua: tarehe bado, harufu nzuri, hakuna uvundo wala mabonge. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, kuku wake walipata kwa wakati. Banda tulilijua, maana misumari yake ilitoka hapa hapa dukani. Ndipo kijana wetu wa mizani akamuuliza: "Mama, mfuko huu uliufungua lini?"

Wiki tatu zilizopita.

Hesabu tukaipiga pale pale nyuma ya risiti. Tetea wa mayai hula kama gramu 120 za chakula kwa siku. Matetea 25 ni kilo 3. Mfuko wa kilo 50 ulitakiwa kwisha siku ya kumi na saba, na yeye siku ya ishirini na moja bado ana nusu. Yaani kuku wake walikuwa hawafikishi hata nusu ya chakula chao. Na bado, kwa maneno yake mwenyewe, walikuwa wanene, wanang'aa, na jioni wanapanda kulala magole yamejaa, yaani vile vifuko vya chakula vya chini ya shingo. Walikuwa wanashiba nini?

Binti yake ni mama lishe. Kila jioni anarudi na ndoo ya makoko ya ugali, wali uliobaki, maganda ya viazi na, msimu ukiwa mzuri, maparachichi yaliyolainika kupita kiasi. Ndoo nzima ilikuwa inamwagwa bandani kwa upendo mkubwa.

Visa vya namna hii tunavipata karibu kila mwezi, kwa hiyo tumeona tuyaandike haya mara moja, ili hata asiyefika dukani ayapate. Na tunajua unachowaza: muuza chakula atasema nini zaidi ya "acha makombo, nunua mfuko"? Basi ujue kwamba humu tutakusifia vitu vingi ambavyo sisi hatuuzi, na vingine ni vya bure kabisa.

Tuanze na ugali. Ugali hauna sumu. Ila gole la kuku lina mwisho wake, na kuku hana akili ya kusema "hapa nimeshiba wanga, ngoja niache nafasi ya protini." Tetea anayetaga vizuri anahitaji kama gramu 18 za protini kwa siku. Chakula cha kutagia chenye protini ya asilimia 16 kinamtosheleza kwa zile gramu 120. Mahindi makavu yana asilimia 8 au 9, kwa hiyo hata akila mahindi matupu siku nzima anapata nusu tu. Ugali ndio una protini kidogo zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ule uzito ni maji. Kisha kuna ganda. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, na kwenye mahindi, wali au mkate kalsiamu ni kama haipo. Kuku asiyeipata kwenye chakula huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Utaanza kuokota mayai yenye ganda laini, halafu machache, halafu hakuna. Wakati huo huo wanga wa ziada unageuka mafuta tumboni. Mama wa Ilemi aliuona unene ule akadhani ni afya.

Kipimo tunachowapa wateja ni sehemu moja ya kumi. Kitafunio chochote, hata kiwe kizuri vipi, kisizidi moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa kuku 25 hiyo ni gramu 300, viganja sita au saba vya punje. Majani mabichi hatuyapimi kwa ukali huo, yana maji mengi na hayanenepeshi. Na muda una kazi yake: asubuhi wape chakula chao kamili, vitafunio vingoje saa kumi jioni, wakishakula cha maana.

Sasa majani. Hapa kwetu tunalima mahindi meupe, na mahindi meupe hayana rangi ya kukifanya kiini cha yai kiwe cha njano. Rangi hiyo hutoka kwenye majani mabichi. Ndiyo sababu kuanzia Julai, nyasi zikikauka, wauza mayai wanaanza kulalamikiwa kwamba mayai yao "ni ya kisasa" hata kama kuku ni wa kienyeji wa kufa mtu. Mchicha, chainizi, majani ya maboga, figili, vyote vinafaa. Usivitupe chini vikanyagwe na kuchafuliwa na kinyesi. Funga fungu kwa kamba, lining'inize juu kidogo ya vichwa vyao waruke kulidonoa. Kuku waliofungiwa muda mrefu hudonoana kwa sababu hawana la kufanya, na fungu la chainizi ni kazi ya saa nzima. Nyasi ndefu zikatekate, kwa maana zinaweza kujisokota ndani ya gole zikaziba.

Angalizo moja kuhusu majani ya bure ya sokoni. Pale Mwanjelwa, magari ya kabichi yakishusha mzigo, majani ya nje yanatupwa chini na wafugaji wanaokota magunia kwa magunia. Ni akili nzuri. Lakini jani la nje ndilo lililopokea dawa yote ya shambani. Kama humjui mkulima wala siku aliyopuliza, yaoshe vizuri, au chukua ya ndani ndani. Sisi wenyewe kuku wetu tunawapa majani ya maboga ya nyuma ya nyumba, tunalala usingizi.

Kwa protini, hakuna kitafunio Mbeya kinachoupita usipa wa Kyela. Dagaa hawa wa Ziwa Nyasa wakikauka vizuri juani, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kiganja kimoja cha usipa uliotwangwa kwa kuku kumi, mara mbili au tatu kwa wiki, kinatosha. Wakati kuku wananyonyoka manyoya unaweza kuongeza kidogo, kwa kuwa unyoya ni protini karibu wote na wanahitaji malighafi ya kuotesha mengine. Usizidishe kwa kuku wanaotaga: mayai yataanza kunuka samaki, na mteja wako wa chipsi mayai hatarudi. Ukinunua dagaa wa mifugo sokoni, wamimine kwenye beseni uone mchanga ulioingia. Kisha onja mmoja. Ndiyo, onja. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi nyingi inaua kuku.

Wafugaji wa vijijini wana njia ya bure kabisa. Wanachukua chungu kilichopasuka, wanakijaza mabua, magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, wanamwagia maji kidogo, kisha jioni wanakipindua juu ya tundu la mchwa. Alfajiri, jua halijawa kali, chungu kimejaa mchwa na vifaranga wana sherehe. Hakuna unga wa dukani, wetu ukiwemo, unaokimbiliwa na vifaranga namna ile.

Tumefika kwenye parachichi, na hapa najua nitawaudhi watu wa Rungwe na Njombe. Nyanda za juu tumebarikiwa parachichi, na yale yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje yanabaki chungu nzima. Ng'ombe na nguruwe huko vijijini wanamwagiwa, kuku nao wanadonoa. Parachichi lina kitu kinaitwa persini. Kipo kwa wingi kwenye majani, ganda na kokwa, na ndege ni miongoni mwa viumbe wanaodhurika nacho: kinashambulia moyo, ndege anahema kwa shida, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kuku ni wagumu kuliko kasuku, na nyama ya tunda ina kiasi kidogo, ndiyo maana utamsikia jirani akisema "wangu wanakula kila siku na hawajafa." Sawa. Lakini kuku akidonoa nyama hakuachii ganda, na wewe hutasimama hapo na kijiko. Weka parachichi kwenye shimo la mboji. Na kama banda lako lipo chini ya mti wake, fagia majani.

Maharage ni hatari ya msimu. Baada ya mavuno makapi na punje zilizovunjika huuzwa bei ya kutupa, na mtu anaona protini ya bure. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibu utumbo, na kuyaloweka peke yake hakuiondoi. Yachemke sana, maji yakitokota walau dakika kumi na zaidi, kisha yapoe ndipo uwape. Bila chumvi. Kuyapasha moto wa polepole yakaishia uvuguvugu hakusaidii.

Viazi mviringo kinyume chake: humo kuchemsha hakukuokoi. Kiazi kilichokaa juani kikawa kijani, au kilichoota machipukizi, kimeshatengeneza solanini, na moto wa jikoni hauitoi. Maganda ya viazi vyeupe vizuri, yakichemshwa na maji yake kumwagwa, hayana neno. Ya kijani yatupe. Majani ya viazi na ya nyanya usiwape, ingawa nyanya yenyewe iliyoiva wanaipenda na haina shida. Majani ya chai yaliyochujwa na masalia ya kahawa nayo yasiingie kwenye ndoo ya makombo.

Kuhusu mahindi yaliyoota ukungu sitasema mengi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ukungu ule ule unaharibu ini la kuku, na kuku unayemlisha ndiye utakayemla. Mahindi yasiyofaa kwa ugali wako hayafai kwa kuku wako.

Na machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji? Tunaulizwa sana, kwa sauti ya chini. Yakianikwa juani mpaka yakauke kabisa, yanafaa kuchanganywa kidogo. Yakiwa mabichi bado yana kilevi na yanachacha haraka. Mteja wetu mmoja wa Nzovwe aliwahi kutuita kwa haraka akidhani kideri kimeingia: jogoo anayumba, matetea wamelala ubavu saa nne asubuhi. Kilabu cha jirani kilikuwa kimemwaga masalia nyuma ya uzio. Jioni walikuwa wazima, wamenyamaza kidogo.

Juni na Julai hapa baridi si ya mchezo. Mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kule Kitulo umande unaganda. Miezi hiyo wape kuku kiganja cha mahindi makavu au paraza (mahindi yaliyovunjwavunjwa) kabla tu ya kupanda kulala. Punje zinasagwa polepole usiku, na usagaji huo unatoa joto mwilini. Alizeti nzima nayo inafaa, kiganja kimoja kwa kuku kumi, kwa sababu ya mafuta yake. Ukiwapa punje nzima hakikisha wana changarawe ndogo, maana kuku hana meno na firigisi isiyo na mawe haisagi. Jioni hiyo hiyo wawekee chokaa ya mifugo au maganda ya mayai kwenye chombo cha peke yake. Ganda la yai la kesho linajengwa zaidi usiku, na kuku mwenye upungufu ataifuata mwenyewe. Maganda ya mayai yakaange makavu na uyatwange yasifanane tena na yai. Kuku akishajifunza kwamba yai ni chakula, kumwachisha ni kazi nzito.

Mama wa Ilemi hatukumrudishia hela, tulimrudishia mfuko wake na kikombe cha kupimia. Makombo ya mama lishe sasa yanakwenda kwa nguruwe wa jirani, ambaye analipa kwa samadi. Kuku walisumbua siku mbili tatu za mwanzo, wakilia mlangoni kila waliposikia ndoo. Wiki ya nne alipita dukani kununua mfuko mwingine, siku ya kumi na saba kamili tangu alipofungua ule wa pili. Mayai ni kumi na tisa, anasema, na mawili matatu bado yana ganda jembamba.

Ukipungukiwa mayai, kabla hujabadilisha chakula, pita kwetu na mambo matatu: idadi ya kuku, mayai ya wiki nzima, na bakuli la kile unachowapa jioni. Mizani ipo kaunta na kupima hatutozi. Kuku akiwa amezubaa, anahara au anakohoa, usituletee dukani kwenye kuku wa wenzako. Mtenge, kisha mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako amfuate hapo hapo nyumbani.