Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wazazi wa Kitengo, Tabata

Ndugu wanachama, mwalimu mkuu, walimu wa kitengo cha watoto wetu wenye ulemavu na mjumbe wa serikali ya mtaa, habari za asubuhi.

Nawashukuru mliofika. Mpo 19 kati ya wanachama 64, na nimewahesabu mara mbili nikidhani miwani yangu ina matatizo. Taarifa ya mkutano ilitoka wiki tatu kabla, ikarudiwa jana usiku kwenye kundi la WhatsApp, na watu 41 wakaweka dole gumba. Hayo madole gumba leo hayakupanda daladala.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Uji uliendelea muhula wote isipokuwa wiki mbili za mwisho. Kamati ilikaa vikao sita. Watoto walipimwa macho na masikio. Wazazi wenye watoto viziwi tuliwaelekeza Buguruni Viziwi, na mmoja mwenye mtoto asiyeona tulimpeleka Uhuru Mchanganyiko. Wanachama wawili tuliwafariji kwenye msiba. Yote haya yamo kwenye kumbukumbu za katibu.

Sasa nije kwenye chumba cha kusomea watoto wetu, maana najua ndicho kilichowaleta hata ninyi 19.

Yamesemwa mengi. Kwamba mwenyekiti alipewa darasa jipya lenye marumaru na madirisha ya vioo akalikataa, akaenda kuwaweka watoto wetu stoo ya madawati mabovu huko nyuma. Kwamba tumewaficha watoto kama wanavyofichwa vijijini. Mama mmoja wa Segerea aliniambia mbele za watu, "Wenzao wanakaa kwenye vigae, wetu wanakaa na panya." Nilinyamaza siku ile kwa heshima yake. Leo najibu.

Darasa jipya nililikagua mwenyewe. Sikuchungulia mlangoni nikaondoka. Nilikaa humo siku tatu mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, kwenye kiti cha mwanafunzi ambacho mgongo wangu bado unakikumbuka. Lipo mbele kabisa, ukuta wake unatazamana na Barabara ya Mandela, na malori ya bandarini mnayajua. Sakafu ni marumaru, kuta ni lipu tupu, juu hakuna silingibodi, ni mabati. Ukidondosha kalamu kona ile, inasikika kona hii. Mwalimu akisema neno moja, linarudi mara ya pili kabla hajasema la tatu. Mtoto mwenye usonji hawezi kuchagua asikie kipi aache kipi. Vyote vinamwingia kwa nguvu moja.

Siku ya pili lori lilipiga honi ndefu pale nje. Kijana wetu mmoja wa miaka tisa, sitamtaja, aliziba masikio, akaingia chini ya dawati. Hakulia. Alikaa pale akiwa ameshika mguu wa dawati mpaka kengele ya uji, na uji wenyewe aliunywa akiwa huko huko chini. Mwalimu wake alikaa sakafuni pembeni yake. Wakati huo wengine 13 walikuwa hawana mwalimu. Wale wanaosema vigae, siku hiyo sikuwaona.

Madirisha ya vioo nayo yanatazama mashariki. Jua la asubuhi linapiga ubaoni moja kwa moja, na tuna watoto wawili wenye ualbino. Niliwaona wakikunja nyuso kama watu wanaokata vitunguu. Na kutoka hapo hadi choo ni hatua 90. Nimezihesabu.

Ile mnayoiita stoo ina kuta nene za zamani, mwarobaini unaikinga jua, barabara iko mbali, na choo kiko hatua 22. Kasoro zilikuwepo, sikatai: mlango ulikuwa na sentimita 75, kiti mwendo kilikuwa kikipita kwa kukwaruza vidole vya mtoto, kizingiti kilikuwa juu, na panya, ndiyo, walikuwepo. Sasa mlango una sentimita 95. Silingibodi imewekwa, na masika iliyopita mvua ilinyesha mwalimu akaendelea kusomesha. Mnajua mvua ya Machi juu ya mabati.

Kuhusu rangi, naomba tuelewane. Mwanachama mmoja alijitolea kuchora katuni kuta zote nne, na nilipokataa akajitoa kwenye kundi. Si kwamba sipendi watoto. Walimu ndio walioomba ukuta wa ubao ubaki mtupu, maana macho ya watoto hawa yakiona simba, twiga na alfabeti kwa pamoja, mwalimu ameshapotea. Picha ziko ukuta wa nyuma. Aliyejitoa arudi, mlango uko wazi na ni mpana.

Kile kipembe chenye pazia la kitenge, mkeka na mto, ambacho baadhi yenu mmekipa jina la lupango, si mahali pa adhabu. Hafungiwi mtu. Mtoto akizidiwa na kelele anaingia mwenyewe, akitulia anatoka mwenyewe. Yule kijana wa chini ya dawati sasa anakwenda pale, na wiki moja mwalimu aliandika kwamba alikaa dakika sita tu.

Sasa njia ya mteremko. Ndiyo, fundi wa kwanza ni shemeji yangu. Sijaficha, na katika kikao cha pili nilisema, asiyekuwepo asilaumu. Alikuwa wa bei nafuu kuliko wawili walioleta makadirio. Kizingiti kina sentimita 30, naye akajenga njia ya mita moja na nusu. Siku ya kwanza kiti cha binti mmoja kilirudi kinyumenyume, bahati dada yake alikuwa nyuma akakidaka. Kipimo kinachotakiwa ni kila sentimita moja ya kupanda iwe na angalau sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo yetu ilitakiwa mita 3 na sentimita 60. Tulivunja, tukajenga upya kwa fundi mwingine. Kosa lilikuwa la kutopima, halikuwa la ushemeji. Na nyumbani nimeshalipia kosa hilo kwa namna ambayo haiingii kwenye mahesabu.

Mahesabu yenyewe ni haya. Harambee ilileta shilingi 4,150,000. Njia ya kwanza 280,000, kuivunja na kujenga ya pili 610,000, silingibodi 940,000, rangi, pazia na mikeka 515,000, vyuma vya kushikia chooni pamoja na kugeuza mlango ufungukie nje, ili mtoto akianguka ndani asiuzibe, 705,000, mlango wa darasa, ufundi na usafiri 410,000. Jumla 3,460,000. Imebaki 690,000, iko benki.

Najua hoja: fedha ile ilichangwa kwa ajili ya bajaji ya kubeba watoto. Ni kweli, na kadi za harambee zilichapwa picha ya bajaji. Lakini bajaji mpya hainunuliwi kwa milioni nne, bado dereva, bima na mafuta. Tungewabeba watoto vizuri tukawashushe mbele ya mlango wasiopita. Mzee wetu wa Kimanga anasema tumeijengea serikali, na kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitaka serikali yenyewe ifanye hivyo. Mzee, sheria ninayo nyumbani, nimeisoma. Ofisi ya elimu nimekwenda mara saba kwa nauli yangu, na hicho chumba tulikipata kwa sababu ya safari hizo. Nilipoona muhula unakwisha, kamati iliamua. Walioamua walikuwa watano kati ya tisa, kwa sababu wanne hawakuja.

Ada. Ni 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 27, sawa na 648,000. Kumi na watano wamelipa nusunusu, jumla 190,000. Wanachama 22 hawajatoa hata shilingi, na kati yao wapo watatu walioandika ujumbe mrefu kuliko wote kuhusu bajaji. Majina anayo mweka hazina. Nilitaka kuyabandika mlangoni, katibu akanishauri nisubiri.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata feni mbili, meza zenye nafasi ya kiti mwendo, na kufufua suala la bajaji. Tutakwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Nasema tutakwenda, si nitakwenda.

Baada ya kikao tutapita wote chumbani, hata wale wanaokiita stoo. Mweka hazina atakaa chini ya mwarobaini na kitabu cha risiti mpaka saa nane. M-Pesa pia anapokea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti